Kipande cha Kujaribia Hakivaliwi



Leo naomba nikusimulieni habari yangu mwenyewe, na si habari ya kujisifu. Kwenye kompyuta yangu ya dukani nina folda mbili za picha. Ya kwanza nimeiita Majaribio. Ina picha 4,306. Ya pili inaitwa Wateja. Siku nilipokaa kuhesabu ilikuwa na picha 212 tu. Katika hizo za Majaribio kuna ukuta wa nyumba ya jirani, chupa ya haludi, ukurasa wa gazeti nilioubandika mlangoni, cherehani yangu kwa kila upande, na pazia. Hilo pazia nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwa asiyenijua, mie ni fundi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunifikisha mbali, mama akaniuzia bangili yake moja nikasome ushoni. Leo Alhamdulillah nina fremu Mwanakwerekwe, nashona na nakodisha mashela ya harusi, na nina wasichana wawili wananisaidia. Mwanzo nilikuwa nawapiga picha wateja kwa simu. Siku moja biharusi mmoja akaniambia, kwa upole tu, "Dada, shela lako zuri, lakini kwenye picha limekuwa la manjano kama limekaa kabatini miaka." Alikuwa na haki. Taa za ukumbini zina rangi ya moto, na simu yangu ilikuwa haijui kwamba ile ni nyeupe.

Nikaona nitafute kamera. Nilidunduliza miezi minane, nikapanda boti kwenda Dar, nikanunua kamera ya mkononi Kariakoo, pamoja na lenzi yake ile ndogo ya kawaida. Nilirudi nayo nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Nia yangu ilikuwa safi: nipige picha za nguo zangu, na biharusi apate mwanamke wa kumpiga picha chumbani na ukumbini bila ya kuonwa na mwanamme wa kando.

Sasa tazameni nia inavyopotea njia.

Usiku watoto wakilala, nikaanza kutazama video za watu wanaozipima kamera. Huyu anasema lenzi yako haina ukali pembeni. Yule anasema kamera yako ikiwa gizani inaleta chenga. Mwengine anakuwekea picha mbili unazoziona sawasawa, kisha anazikuza mpaka zinakuwa vijumba vijumba vya rangi, akuoneshe kasoro. Mie nikatoka pale nina huzuni na kamera niliyoipenda jana. Nikabandika gazeti mlangoni, nikalipiga picha kwa kila tundu la lenzi, kuanzia lililofunguka kabisa mpaka lililofinywa kabisa, nikakaa kulinganisha herufi za pembeni. Kumi hazikunitosha. Nikapiga arubaini.

Nikanunua lenzi ya milimita 50, laki tatu. Nikaipima. Nikaona ile ya mwanzo haifai tena. Nikasikia kuna nyengine bora kuliko ya 50, nikainunua kwa pesa niliyoiweka kununulia vitambaa vya Mfungo Mosi. Nyote mnajua Mfungo Mosi kwetu ndo msimu, harusi zinafuatana kama ngazi. Mwaka ule niliingia msimu nina lenzi tatu na satini robo tatu ya jora. Mume wangu, Allah amhifadhi, alinikuta siku moja nje na stendi, nauelekea ukuta wa jirani kwa mara ya sita wiki ile. Akaniambia, "Mke wangu, huo ukuta unaolewa lini?"

Nilicheka. Lakini sikuacha.

Mwezi huohuo wa Mfungo Mosi kulikuwa na biharusi mmoja niliyemshonea shela kuanzia kitambaa mpaka ushanga wa mwisho. Mama yake alifariki akiwa mdogo, kalelewa Pemba na bibi yake mzaa mama. Bibi aliletwa Unguja siku mbili kabla ya harusi. Macho yake yameshakuwa na ukungu, anatambua mwanga na kivuli, sura hazioni vizuri. Biharusi alinilipa kushona na kupiga picha, vyote viwili.

Alasiri tulikuwa chumbani, nyumba ya shangazi yake. Biharusi kashavaa. Mie niko pembeni ya dirisha, nimebadilisha lenzi, na nafsi yangu ikaniambia hebu jaribu kwanza hii na ile, uone ipi inalichukua jua la dirishani vizuri. Nikaielekeza kamera kwenye pazia. Nikapiga. Nikatazama. Nikabadilisha lenzi. Nikapiga tena pazia.

Nyuma yangu mlango ulifunguliwa, bibi akaingizwa ameshikwa mkono. Nilisikia chumba kikinyamaza. Nilimsikia bibi akisema, "Yuko wapi?" Kisha akaanza kumtazama mjukuu wake kwa mikono. Alianzia kichwani, akashuka mabegani, akaipitia nakshi ya kifuani ushanga kwa ushanga, akashuka kiunoni, akapiga magoti mtu mzima yule mpaka kwenye upindo wa shela. Akasoma dua yake. Akainuliwa. Biharusi alikuwa analia, shangazi anamfuta wanja usimwagike.

Nilipogeuka na kamera iko tayari, lenzi nzuri, mwanga mzuri, bibi alikuwa ameshakalishwa kitini na watu wanampa maji.

Nilipiga picha nyingi siku ile, na nyengine nzuri. Kiasi wiki mbili baadaye biharusi alikuja dukani kuzichukua. Alizipitia zote kimya. Kisha akaniuliza, "Dada, ile ya bibi aliponishika, umeipata?"

Dada zangu, nilitafuta uongo. Nilitaka kusema kadi iliharibika. Nilitaka kusema watu walinikinga. Nilimwambia tu, "Ngoja nitazame vizuri kompyutani," na mie najua hamna. Nililala na neno hilo siku tatu. Siku ya nne nikampigia nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwepo, mita mbili tu, na nilikuwa napiga picha pazia. Nikamwambia nakurudishia pesa yote ya picha. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Basi dada. Mie niliiona kwa macho yangu." Pesa alikataa nusu yake. Ile nusu nyengine nilimpelekea.

Na ile picha ya pazia ninayo mpaka leo. Kamera huandika saa. Ni alasiri ileile, dakika ileile. Ukiikuza utaona kila uzi wa pazia, pembe zote nne zimekaa sawa, hakuna chenga hata moja. Ni picha kali kuliko zote nilizowahi kupiga, na haina mtu.

Baada ya hapo nilikaa nikajiuliza hii ni maradhi gani. Jawabu nililipata mahali nisipopategemea, kwenye darsa yetu ya akina mama. Ustadha alikuwa anazungumzia wasiwasi wa udhu. Akatuelezea habari ya mwanamke anayeosha mkono akaona haujapata maji, akarudia, akatia shaka kama kapaka kichwa, akaanza upya, mpaka sala ya jamaa inakwisha yuko bombani. Akatukumbusha kwamba Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alitawadha kwa maji ya kibaba kimoja. Na kwamba wanazuoni wameweka kanuni: jambo ulilolithibitisha haliondoki kwa shaka. Ukishatawadha, umetawadha. Nenda kasali.

Mie nilijiinamia. Nilijiona niko bombani na kamera yangu shingoni. Udhu ni wa sala. Mtu hatawadhi ili awe ametawadha.

Na hata ufundi wangu mwenyewe ulikuwa unaniambia hivyohivyo, sikusikiliza. Mwanafunzi yeyote wa ushoni anafundishwa: kabla hujashona shela la mtu, chukua kipande cha kitambaa kilekile, tia sindano inayostahiki, namba 11 kwa vitambaa vyepesi, namba 14 kwa vya kawaida, kisha pitisha mshono mmoja. Tazama juu na chini. Uzi ukilegea chini, kaza wa juu kidogo. Mshono ukikaa sawa, weka kipande pembeni, shona. Mie nina wasichana dukani, nikimkuta mmoja anajaribia vipande asubuhi mpaka adhuhuri nitamuuliza anacheza na nini. Kipande cha kujaribia hakivaliwi. Hakuna mteja aliyekuja kunilipa kwa kipande.

Sisemi kupima ni kubaya. Asiyepima kabisa atamharibia mtu nguo, na mpiga picha asiyejua kamera yake atamrudishia biharusi shela la manjano. Ninachosema ni kwamba kupima kuna mwisho, na mwisho wake ni pale kitu kinapotosha kwa kazi yake.

Sasa kinatosha kwa kazi gani? Hapa nilipiga hesabu, na hesabu hiyo ilinitia aibu. Kamera yangu ni ya megapikseli 24. Maana yake picha moja ina pikseli 6,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Nilikuwa nalia na pembe za picha hiyo. Na picha zenyewe nilikuwa nazipeleka wapi? Instagram, ambako picha ya kawaida huoneshwa kwa upana wa pikseli 1,080. WhatsApp ndo kabisa, inaibana. Na biharusi akitaka ya kutia kwenye fremu ukubwa wa karatasi ya A4, picha safi kabisa inahitaji kiasi cha pikseli 3,508 kwa 2,480, hazifiki hata megapikseli 9. Kamera yangu ya mkononi ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika tangu siku niliyoinunua. Nilichokosa ni kugeuka nyuma.

Kisha kuna mzee mmoja ambaye sikuwahi kuonana naye, aliyenisomesha sana. Jina lake Seydou Keïta, wa Bamako, Mali. Alijifunza useremala tangu mdogo, na mwaka 1935 ami yake akamletea kamera ya Kodak Brownie, kijisanduku tu cha kawaida kabisa. Mwaka 1948 akafungua studio yake. Watu walimiminika, akina mama kwa mabuba yao na vilemba vyao na dhahabu zao. Pazia lake la kwanza la nyuma ya wateja lilikuwa shuka la kitandani kwake. Mwanga wake mara nyingi ni jua la uani. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alimpiga mtu picha moja tu. Moja! Alikuwa akimweka mtu, anamgeuza kidogo, anautengeneza mkono ukae vizuri, kisha anabonyeza. Alifariki mwaka 2001, na leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Mie nilipoziona kwa mara ya kwanza nilitazama vitambaa, macho ya kifundi hayo, nikaona anavyopenda maua ya nguo yagongane na maua ya shuka. Kisha nikatazama nyuso. Sikuwahi hata kujiuliza alitumia lenzi gani.

Na hatuna haja ya kwenda Mali. Hapa Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukisimama mbele ya zile picha za zamani, unatafuta sura. Unauliza, huyu nani? Hii harusi ya nani? Hakuna anayeuliza pembeni kukoje.

Basi nilifanya nini? Niliuza lenzi mbili, nikabaki na ile ya milimita 50 peke yake. Pesa nikarudisha kwenye vitambaa, mahali zilikotoka. Kisha nikamuomba yule biharusi ruhusa, nikapanda boti mpaka Mkoani, nikapanda gari mpaka kijijini kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeshona ile nguo?"

"Ndiye mie, bibi."

"Nipe mkono." Akaushika mkono wangu, akavipapasa vidole, akacheka. "Una sugu la mkasi. Ni fundi kweli."

Nilimwelezea kilichonileta. Alisema nimpige, ila picha ziende kwa mjukuu wake tu, zisitembezwe. Nikamuahidi. Kwa hivyo sitakuoneshani, na nyinyi msiniombe. Alikaa barazani, na mie sikujaribia kitu. Nilitazama mwanga mara moja nikaanza kupiga. Kuna moja ameshika ukili mkononi, anacheka mdomo wazi. Mjukuu wake alipoiona alilia.

Lakini nakuambieni ukweli, ile siyo picha niliyoikosa. Bibi hakurudi kupiga magoti kwenye upindo wa shela, na hatarudi. Ile ilikuja mara moja, ikapita mita mbili kutoka mgongoni kwangu. Picha ya Pemba ni rehema, haikuwa badala.

Sasa nyinyi maharusi, na nyinyi mnaoanza kazi hii ya picha, nawaachieni machache.

Biharusi, ukimtafuta mpiga picha usimuulize ana kamera gani. Muombe akuoneshe picha za harusi moja tangu mwanzo mpaka mwisho, zile ambazo wenyewe wameridhia zioneshwe. Zile tano nzuri za kuchagua kila mtu anazo. Tazama kama anawaona watu, au anayaona mapambo tu.

Mwambie mapema mambo matatu usiyotaka yapotee. Nani atakuja kukuombea dua, nani ametoka mbali, nani ni mgonjwa. Mpiga picha hajui nani ni nani kwenu. Mie siku hizi nauliza, na naandika kwenye daftari lilelile la vipimo, chini ya kiuno na kifua: bibi, alasiri, chumbani.

Vaa karibu na dirisha kama inawezekana, na zimeni taa za chumbani wakati huo. Mwanga wa jua ukichanganyika na wa taa, shela linakuwa na rangi mbili, na hapo hata kamera ya mamilioni itahangaika.

Picha zako ni amana. Kama hukujifunika, kubalianeni kabla: nani anazihifadhi, nani ataziona, zinafutwa lini kutoka kwenye kadi. Mkiweza andikianeni.

Na wewe unayeanza kupiga, pima vifaa vyako siku moja kabla. Betri imejaa, kadi ina nafasi, kamera umeifundisha weupe wa shela lenyewe kwenye mwanga wenyewe. Kwa mtu mmoja usifungue lenzi mpaka mwisho, maana jicho moja litakuwa kali na la pili ukungu, na ushanga alioushona fundi mwezi mzima utapotea. Ukishamaliza, basi. Siku ya harusi hakuna majaribio. Ukisikia chumba kimenyamaza, geuka.

Folda ya Majaribio niliifuta yote isipokuwa pazia. Ile ya Wateja mpaka jana ilikuwa na picha 1,940, na kesho kutwa nina harusi, InshaAllah. Nitakwenda na kamera moja, lenzi moja, na daftari.

Allah akujaalieni ndoa za heri, akulindieni wazee wenu, na akupeni macho ya kuona kilicho mbele yenu. Nami nakuombeni dua zenu.

Wabillahi tawfiq.